Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya sanaa: DJ anayeunda muziki apewe haki ya mwanamuziki

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Dar es Salaam. Mimi ni mpiga besi wa muziki wa dansi, na nakuandikia kuwatetea watu ambao wenzangu wengi wa bendi hawataki hata kuwasikia: ma-DJ. Maneno ya mazoezini ni yaleyale kila siku. Hawa si wanamuziki, wanabonyeza tu. Wametunyang'anya harusi na baa. Mwenye ukumbi akishampata kijana mmoja na spika zake, bendi ya watu kumi na wawili ya nini?

Uchungu huo naujua, maana naishi ndani yake. Lakini sisi kukosa kazi ni jambo moja, na nani aitwe mwanamuziki ni jambo jingine. Hili la pili limefika mezani kwako, kwa sababu ndilo linaloamua nani aandikwe kwenye kazi na nani alipwe.

Nianze na singeli, muziki wa kasi wa mitaa ya Dar ambao leo unapigwa hadi kwenye mikutano ya kampeni na sherehe za kitaifa. Singeli haikuzaliwa chuoni wala kwenye studio kubwa. Ilizaliwa uswahilini, Manzese, Tandale, Mburahati, kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha, na mizizi yake ni mchiriku, muziki wa mtaani wa kinanda na ngoma, na taarab. Waliouzaa ni ma-DJ. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes, lebo ya kutoa muziki ya Kampala, ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, na dunia ikaanza kuuliza hawa ni akina nani. Miaka mitano baadaye lebo hiyohiyo ikatoa albamu ya DJ Travella, kijana wa Dar. Kwenye kazi hizo jina la mbele ni la DJ. Hapa nyumbani jina la mbele huwa la anayeimba, na la DJ mara nyingi halipo kabisa.

Naomba nikueleze anachofanya, kama nilivyomwona mmoja kwenye kigodoro, nimesimama nyuma ya meza yake. Laptop imefutika herufi kwenye vitufe. Anachukua kipande kifupi cha kinanda kutoka wimbo wa taarab, labda sekunde nne. Anakipandisha kasi mpaka sauti inakuwa nyembamba kama ya ndege, anakikata katikati, anakizungusha. Chini yake anaweka ngoma zinazokimbia mapigo mia mbili na zaidi kwa dakika. Singeli nyingine hukaribia mia tatu. Dansi yetu hata ikifika kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ya kasi, haifiki hapo. Kisha MC, yule mwenye maiki, anaanza kughani, na hapo ndipo kazi yenyewe. DJ anagonga kitufe kimoja kwa vidole viwili, haraka haraka, kukata na kurudisha sauti, na kila anapokata anamwachia MC nafasi ya neno moja tu. MC akipotea, yeye anaongeza mzunguko mmoja ili mwenzake apate pa kurudia. Akina mama wanaocheza wakianza kuchoka, anaondoa ngoma zote na kubakiza kinanda peke yake, anasubiri, anasubiri, halafu anazirudisha zote kwa mkupuo na uwanja mzima unapiga kelele.

Kwenye bendi mtu anayefanya hivyo tunamwita kiongozi wa bendi. Ndiye anayetoa ishara solo iingie, ndiye anayejua chemko lianze sasa au lisubiri beti moja. Mimi kama mpiga besi maisha yangu yote ni kusikiliza ishara hiyo. Sijawahi kusikia mtu akisema kiongozi wa bendi si mwanamuziki kwa sababu dakika ile hakushika gitaa.

Sisemi kila anayechomeka flashi kwenye mashine ni mwanamuziki. Yuko DJ wa harusi anayepiga nyimbo moja baada ya nyingine kama zilivyo, kwa mpangilio mzuri, na watu wanafurahi. Hiyo ni kazi halali na inahitaji jicho la kuwasoma watu, lakini hajaumba muziki mpya. Mpaka upo, na mtu wa fani anausikia kwa dakika chache tu. Tatizo ni pale utaratibu unapowaweka wote kwenye kapu moja: DJ anatakiwa asajiliwe kama wadau wengine wa sanaa, awe na kibali, alipe ada. Kwenye kulipa anahesabika. Kwenye mirabaha, yale malipo ya kazi inapopigwa, haonekani.

Kuna na hawa wa redioni. Heshima yao siipunguzi hata kidogo. Jina la Bongo Flava lenyewe linatajwa kutoka kinywani mwa Mike Mhagama, mtangazaji wa Radio One, katikati ya miaka ya 1990, wakati vijana wa Kiswahili cha kufokafoka hawakuwa na mlango mwingine wa kuingilia. Ila mtangazaji anapotoka hewani, jina lake huenda naye. Ukumbi unabandika picha yake, watu wanalipa kiingilio kumwona, anashika maiki anasalimia mitaa, na nyuma yake yuko kijana ambaye hakuna anayemjua, ndiye anayepiga muziki usiku kucha. Umaarufu wa redioni ni mali ya mtu, na autumie atakavyo. Lakini naomba utaratibu wako usiupime umwanamuziki kwa umaarufu huo. Yule kijana wa nyuma, na wenzake wanaotengeneza miksi nyumbani na kuzipeleka redioni zirushwe kila Ijumaa, wengi hawana hata karatasi moja ya makubaliano. Kituo kina haki yake ya utangazaji, mwimbaji ana yake, mtayarishaji wa wimbo ana yake. Aliyeunganisha vyote hivyo vikawa kitu kimoja anaambulia nauli.

Swali hili nchi nyingine zimelipeleka mpaka mahakamani. Ujerumani walibishana kuhusu kodi: usiku wa DJ ni tamasha la muziki, linalotozwa asilimia 7, au ni burudani ya kawaida ya asilimia 19? Mwaka 2020 mahakama yao ya juu ya kodi ilisema DJ anaweza kuhesabiwa mpiga muziki, kwa kuwa anatumia mashine zake kuunda sauti mpya na hachezi tu santuri za watu. Machi 2024 wakaiingiza tekno ya Berlin, muziki wa mashine wa ma-DJ, kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa nchi. Marekani, serikali ya kaunti ya Cook ambamo Chicago imo, ilitaka mwaka 2016 kuzitoza kodi kumbi ndogo kwa hoja kwamba muziki wa DJ si sanaa. Hiyo ni Chicago ileile ambako Frankie Knuckles alizaa muziki wa house akiwa nyuma ya mashine zake! Watu wakapiga kelele, na kabla mwaka haujaisha kanuni ikarekebishwa.

Sisi hatuhitaji kwenda mbali hivyo, Mheshimiwa. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda pia kazi zinazotokana na kazi nyingine, ikiwemo mipangilio ya muziki, ili mradi haki ya mwenye kazi ya kwanza isiguswe. Mlango upo tayari, kilichobaki ni kanuni na fomu. Januari 2022, COSOTA, ofisi yetu ya hakimiliki, ilipogawa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300, tulifurahi sote, hata sisi wa dansi. Mgawo wa namna hiyo hufuata majina yaliyosajiliwa. Singeli moja ikiimbwa na MC watatu tofauti juu ya biti ileile, yaani mdundo alioutengeneza DJ, na biti ikawa haina mwenyewe kwenye maandishi, fedha ya DJ inakwenda wapi?

Ninachokuomba ni hiki. Fomu ya kusajili kazi iwe na nafasi ya DJ aliyeunda, yenye uzito sawa na ya mtunzi, na si chini kabisa kama fundi mitambo. Biti iweze kusajiliwa peke yake kabla haijaimbiwa. Kituo cha redio kinachorusha miksi kitoe orodha ya nyimbo zilizomo na jina la aliyeitengeneza. Na yule mpiga kinanda wa taarab, ambaye sekunde zake nne zimechezesha mtaa mzima, naye apewe chake. Wengi wao ni wazee sasa, na wengine wanaisikia sauti ya mikono yao inapita kwenye bajaji bila kupata hata shukrani. Hili la mwisho ma-DJ wenyewe wasilikwepe. Anayedai haki ya kazi yake aanze kwa kumlipa aliyemchukulia.

Wanamuziki wenzangu watanilaumu kwa barua hii. Wanajua ninakopatikana, tutabishana kwenye mazoezi ya Jumatano kama kawaida. Kwako ombi langu ni dogo: kanuni hizo zitakapoandikwa, waiteni ma-DJ wa Mburahati na Manzese wakae mezani pamoja na sisi wa dansi na wazee wa taarab, na waje na laptop zao, muwaone wakifanya kazi kabla hamjaamua waitwe nani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mpiga besi, Dar es Salaam