Machi ya mvuvi wa ndoano England ina siku 14

Ndugu Mhariri,

Katika ushauri wenu kwa Waswahili wanaoishi Uingereza mliwaambia wasubiri Machi iishe na baridi ivunjike, ndipo wapeleke ndoano zao kwenye mito midogo. Atakayefuata hilo atavunja sheria. Mito ya England hufungwa kwa uvuvi wa samaki wasio salmoni wala trauti kuanzia Machi 15 hadi Juni 15, siku zote mbili zikiwamo. Sababu ni mayai: paiki na deisi hutaga Machi na Aprili, roachi na chabu hufuata Mei na Juni. Anayetaka mto mdogo mwanzoni mwa majira ya kuchipua ana wiki mbili tu, na maji ya wiki hizo hayavuliwi kama ya Agosti.

Nimtaje chabu peke yake, maana huyo hula hata maji yakiwa na nyuzi 4 au 5 za Selsiasi, wakati wenzake wengi wamejikunyata. Ni jamaa wa mbali wa ningu na kuyu: mdomo mpana mweupe, magamba makubwa, mlafi lakini mwoga. Yumo Evenlode na Cherwell upande wa Oxford, yumo Loddon karibu na Reading, mito ambayo sehemu nyingi unaweza kurusha jiwe kwa mkono wa kushoto likavuka.

Nunua kipimajoto. Namba yenyewe haina uzito kama mwelekeo wake: nyuzi 5 zilizopanda kutoka 3 ni bora kuliko 7 zilizoshuka kutoka 9. Theluji ikiyeyuka na chumvi inayomwagwa barabarani kuondoa barafu ikateremkia mtoni, bakia nyumbani unywe chai. Siku nzuri ni ile ambayo mafuriko yanapungua na maji yanaanza kusafika, ukizamisha chambo unakiona mpaka sentimita 30 hivi. Mto ukiwa bado na rangi ya chai ya maziwa, weka nyungunyungu mkubwa kwenye maji yaliyotulia, karibu kabisa na ukingo. Maji yakiwa maangavu kabisa, tumia mkate, kaa mbali, na ungoje saa ya mwisho kabla ya giza.

Samaki hawatawanyiki mtoni kote wakati huu. Watafute chini ya tawi la mti lililonasa takataka, penye ukingo uliochimbwa na maji, au kwenye ule mshono ambapo maji ya kasi yanapakana na maji ya polepole. Kaa upande wa juu wa maficho, ushushe chambo kwa mkondo kiishie hatua mbili kabla ya takataka. Ukikiingiza ndani kabisa utamnasa samaki na tawi kwa pamoja.

Mtego hauna mambo mengi. Mshipi unaohimili kilo 2 hadi 2.5, ndoano namba 8, na kipande cha mshipi cha sentimita 8 kilichokunjwa juu ya mshipi mkuu na kubanwa vichubwi viwili au vitatu vya gramu 1.6 hivi. Kizuie kisiteleze kuisogelea ndoano, kibaki umbali wa sentimita 45 hivi. Vichubwi visiwe vya risasi: vya risasi vyenye uzito unaozidi gramu 0.06 na usiozidi 28.35 vimekatazwa, kwa kuwa bata-maji walivimeza wakafa kwa sumu. Ongeza kimoja kimoja mpaka mtego ushike chini kwa shida tu. Hapo samaki akigusa, ama ncha ya fimbo inainama, ama vichubwi vinang'oka na mshipi unalegea ghafla. Vyote viwili ni kuliwa, kaza. Wengi hufunga chubwi zito ili mkondo usisumbue, halafu wanashangaa chambo kimetafunwa nao hawakuona kitu.

Sasa chambo, ambapo wengi wetu huharibu. Ugali unaotupa perege nyumbani haufai hapa. Kwenye maji ya nyuzi 6 unakuwa kama kokoto na ndoano haichomoki ndani yake. Jibini vilevile hukaza, hivyo ikande na mkate laini na mafuta kidogo, kisha utie donge dogo kwenye kikombe cha maji ndani ya friji kwa nusu saa. Likibonyea kwa kidole, linafaa. Kilicho rahisi zaidi ni mkate mweupe wa slesi, mpya. Nyofoa kipande cha upana wa sentimita 2, kikunje kwenye shina la ndoano na kubana hapo tu. Sehemu iliyobaki iache ivimbe, na ncha iwe wazi. Ukikifinyanga chote umetengeneza kidonge.

Chakula cha kuwaita kiwe kidogo. Loweka mkate wa jana, ukamue, utupe donge moja la ukubwa wa ndimu kwenye kila maficho, maficho matano au sita, kisha urudi kwenye ya kwanza. Dakika 15 bila dalili, hama. Tumbo la samaki wa maji baridi husaga polepole, na ndoo nzima ya mkate inamshibisha kabla hajaiona ndoano yako.

Jambo la mwisho ni kitoweo, maana najua swali hilo linakuja. Leseni ya fimbo inatakiwa kwa kila mtu wa miaka 13 na zaidi, na ruhusa ya mwenye ukingo huombwa mbali na leseni hiyo. Faini ya kukosa leseni hufika pauni 2,500. Pale mwenye ukingo anaporuhusu kuchukua samaki, kwa siku mtoni huvuki paiki mmoja asiyezidi sentimita 65, greilingi wawili wa kati ya sentimita 30 na 38, na samaki wadogo 15 wasiozidi sentimita 20, wakiwamo chabu na roachi. Mkunga hurudishwa majini. Chabu mwenyewe ana miiba mingi na ladha ya pamba, kwa hiyo lowesha mikono, mtoe ndoano akiwa ndani ya kimia, mshike kichwa kikielekea juu ya mkondo mpaka apige mkia.

Naomba mchapishe tarehe sahihi kabla ya Machi 15. Baada ya hapo maziwa na mifereji mingi hubaki wazi, na fimbo ileile inatosha.

Mvuvi wa ndoano,
Reading, Uingereza