Tuliomba Shimo, Mkatuletea Mita

Kila mwaka msimu wa kahawa ukikaribia, sisi mafundi wa maji machafu tunapokea simu za aina moja. Katibu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) au meneja wa shamba anataka shimo la maji machafu ya CPU, yaani kituo cha kumenyea kahawa mbivu, lichimbwe haraka kabla mkaguzi wa cheti hajafika. Tunakwenda, tunapima, tunaandika makadirio. Cha kwanza kwenye makadirio ni mita ya maji, cha pili ni karatasi za kupimia pH, yaani kiwango cha tindikali (namba ikishuka, tindikali imezidi). Shimo liko ukurasa wa pili. Hapo ndipo maneno yanapoanza: tuliomba shimo, hawa wametuuzia mita, basi ni matapeli.

Lawama hii imejirudia mno, kwa hiyo tunaijibu kwa hesabu.

Chukua CPU inayopokea tani 10 za kahawa mbivu kwa siku, kiwango cha kawaida kwa chama cha Mbozi au Mbinga, kusini mwa Tanzania, katikati ya msimu. Kama mnamenya kwa mtindo wa zamani, maji yakiingia kwenye mashine na kutoka moja kwa moja, kilo moja ya kahawa mbivu inaweza kula hadi lita 20. Mkirudisha maji kwenye mashine mara kadhaa kabla ya kuyamwaga, mnashuka hadi lita 5 au chini. Mashine zinazomenya na kuondoa utelezi unaoshika punje kwa pamoja hufika lita moja hivi. Sasa swali: CPU yenu inatumia ngapi? Karibu kila tunakouliza, hakuna anayejua. Bomba linafunguliwa asubuhi, linafungwa kazi ikiisha.

Ukubwa wa eneo la kunyonyea maji unatoka kwenye namba hiyo hiyo ambayo haijulikani. Kwa udongo mwekundu wa tifutifu tunahesabu lita 20 kwa kila mita ya mraba kwa siku, na hiyo ni baada ya maji kusafishwa. Mkitumia lita 5 kwa kilo, mna lita 50,000 kwa siku, yaani mita za mraba 2,500 za mifereji. Hiyo ni zaidi ya nusu eka, na inabidi muwe na seti mbili ili moja ipumzike. Mkishuka hadi lita 2 kwa kilo, mna lita 20,000 na mita za mraba 1,000, kama robo eka kwa kila seti. Mita ya maji na pampu ndogo ya kurudishia maji ni rahisi kuliko kuchimba eka nzima. Ndiyo maana vinatangulia.

Maji ya kurudisha yana masharti yake. Yatumike kumenyea tu, siku hiyo hiyo, yakiwa yamepita kwenye chujio la kuzuia maganda na punje zilizopotea. Yakilala hadi kesho huchacha, na harufu ya uchachu huingia kwenye kahawa. Muonjaji ataikamata hata kama wewe huisikii. Kuosha kahawa baada ya kuvundikwa ni maji safi siku zote. Hapo hatupunguzi.

Wapo wanaoikwepa hesabu hii kwa njia za mkato. Ya kwanza ni kufungulia usiku. Maji yanakusanywa mchana, saa tano usiku geti linafunguliwa yaende mtoni. Wanaofanya hivyo huamini mto utayameza. Maji ya kumenyea yana sukari nyingi na tindikali. pH yake hushuka hadi 4 au chini. Bakteria wa mtoni huivamia hiyo sukari na kumaliza hewa ya oksijeni iliyomo majini, samaki wanakufa, na kinachobaki ni povu na uvundo. Uchafu huu hupimwa kwa kiasi cha oksijeni inayohitajika kuuozesha. Kiwango cha Tanzania kwa maji yanayoachiwa kwenye mito na maziwa ni miligramu 30 kwa lita, na pH kati ya 6.5 na 8.5. Maji ya CPU yanaweza kuwa na miligramu 10,000 na zaidi. Kuyapunguza makali hadi 30 kwa kuyachanganya, kila lita moja inataka lita zaidi ya 330 za maji safi. Lita zenu 20,000 zinadai lita milioni 6.6 kwa siku. Kijito kinachopitisha lita 20 kwa sekunde kina lita milioni 1.7 tu kwa siku nzima, na Nyanda za Juu Kusini kahawa inavunwa wakati wa kiangazi, mito ikiwa imekauka nusu. Anayechota maji alfajiri huko chini ndiye anayekuwa wa kwanza kujua geti limefunguliwa.

Njia ya mkato ya pili ndiyo inayotuletea wateja wenye hasira: shimo moja kubwa lenye kina cha futi 15 au 20, karibu na mto kwa sababu ndiko CPU ilipo. Wiki mbili za kwanza linanyonya vizuri na kila mtu anafurahi. Wiki ya tatu utelezi wa kahawa unaziba kuta na sakafu kama rangi ya mafuta. Maji hayashuki tena. Wiki ya sita, ndiyo kilele cha msimu, shimo linafurika. Kuchimba zaidi hakusaidii. Kadiri unavyokwenda chini ndivyo unavyokaribia maji ya kisima cha jirani, na hewa hakuna ya kusaidia kuozesha. Isitoshe, Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Shimo lililoko mita 25 kutoka mtoni halirekebishiki. Linafukiwa, na fedha yake imekwenda.

Njia ya tatu ni chokaa inayomwagwa kwa ndoo mara tu maji yanapotoka kwenye mashine. Hapa tuseme taratibu, maana hata baadhi ya mafundi hukosea.

Maji ya kahawa yakiachwa yatulie kwenye tenki la kwanza, yanachacha yenyewe. pH ikishuka kwenye 4 hivi, utelezi unaganda na kupanda juu, unakuwa utando mzito wa kahawia unaoweza kuuondoa kwa koleo. Chini yake maji yanabaki mepesi zaidi. Tindikali hiyo imekufanyia kazi bure. Ukimwaga chokaa kabla, unazuia mgando huo: utelezi unabaki umeyeyuka, unapita na maji, na ndio unaokwenda kuziba mifereji yako. Kwa hiyo tenki la kwanza halitiwi chokaa. Linaachwa siku nzima, utando unaondolewa, na maji ya katikati yanapelekwa tenki la pili kwa bomba lililowekwa chini ya utando na juu ya tope.

Chokaa inaingia tenki la pili. Kiasi chake hakikisiwi. Chota lita 20 za maji hayo kwenye ndoo, ongeza chokaa iliyozimwa gramu 5 kwa wakati, koroga dakika mbili, pima kwa karatasi. Ukifika pH 6.5 hadi 7, simama. Kama ndoo imetumia gramu 40, basi mita moja ya ujazo inataka kilo 2, na tenki la mita za ujazo 20 linataka kilo 40. Rudia jaribio kila wiki, kwa sababu kahawa ya mwanzo wa msimu na ya kilele hazitoi maji yanayofanana. Chokaa ya shambani, ile ya mawe yaliyosagwa, inafanya kazi polepole sana. Ukiiweka na kupima palepale utadhani haifai, utaongeza, na utaongeza tena. Anayekoroga avae miwani na glovu. Chokaa iliyozimwa ikiingia jichoni si jambo la kusuguasugua kwa kitambaa, ni kuosha kwa maji mengi na kwenda zahanati.

Baada ya chokaa maji hubadilika rangi, yanakuwa kijani kizito karibu na cheusi. Tumepigiwa simu nyingi kwa sababu ya rangi hiyo, watu wakidhani tumewaharibia. Ni kawaida: viambata vya rangi vilivyomo kwenye ganda hugeuka tindikali inapoondoka. Rangi hiyo haina maana kwamba maji ni mabaya kuliko yalivyokuwa. Lakini pia hayawi safi, na hapa tuwe wakweli: chokaa inatoa ukali, haitoi sukari. Ukiona mtu anauza unga wa bakteria wa kumwaga kwenye tenki la kwanza, muulize bakteria hao wataishije kwenye pH 4.

Sukari inamalizwa na udongo. Tunachimba mifereji mipana na mifupi kwa kina, sentimita 60 basi, ikifuata kontua (mstari wa usawa unaokata mteremko), na kingo zake tunapanda vetiva, nyasi zinazoshika udongo. Maji yanaingia seti ya kwanza wiki moja, kisha yanahamishiwa ya pili. Ile iliyopumzika ikikauka, utando wa sakafuni unapasuka na kujikunja kama gome. Unakwanguliwa kwa jembe na udongo unavuta tena. Mlinzi asiyeelewa mzunguko huu ataacha geti moja wazi msimu mzima, na mifereji ya mamilioni itakuwa dimbwi. Ndiyo maana kwenye bei yetu kuna siku mbili za kumfundisha mwendesha mtambo, na ndicho kipengele ambacho bodi hupenda kukifuta kwanza.

Maganda nayo. Karibu asilimia 40 ya uzito wa kahawa mbivu ni ganda, kwa hiyo tani 10 zinakuachia kama tani 4 kila siku. Yasisafirishwe kwa maji! Ganda likikaa majini linatoa sukari yake, na ulichookoa kwa mita umekirudisha. Yaanguke kwenye toroli au yapelekwe kwa parafujo inayozunguka na kuyasukuma. Lundo liwe na kimo cha mita moja na nusu, lichanganywe na mabua au majani makavu ya mgomba, lizungukwe na mtaro unaorudisha maji yake kwenye tenki, na ligeuzwe kila wiki mbili. Baada ya miezi mitatu hadi minne ni mbolea nyeusi isiyonuka. Yakiwa mabichi yasirundikwe shinani mwa mibuni. Yanapata joto, yanavuta nitrojeni kwenye udongo, na nzi watawafukuza hadi wapokeaji wa kahawa. Chama kinachogawa mbolea hiyo kulingana na kilo alizoleta kila mwanachama hakihitaji bango la kutangaza kwamba kinajali mazingira.

Tukifika kwenye mabango: madawati 50 kwa shule ya kijiji ni jema, na hatumzuii mtu kutoa. Ila tumeona ripoti za uwajibikaji kwa jamii zenye picha za madawati kurasa nne, na neno maji halimo. Siku hizi wanunuzi na wakaguzi wa vyeti hushuka hadi kwenye bomba la kutolea, wanaomba daftari la mita, wanaangalia kama tenki lina uzio ili mtoto asitumbukie, na kama mtu huingia ndani yake kutoa tope bila mwenzake juu. (Asiingie kabisa. Hewa ya uchachu haionekani na inaua.) Watauliza pia mizani ina stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu, na wanaomenya usiku wanalipwaje: sheria ya ajira inataka nyongeza ya asilimia 5 kwa kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na asiyefika miaka 18 hapaswi kuwa kwenye kazi ya hatari.

Kuhusu fedha, vyama vyenye cheti cha Fairtrade (biashara ya haki) hupata, juu ya bei, nyongeza ya senti 20 za dola kwa kila pauni ya kahawa, na angalau senti 5 kati ya hizo ziende kwenye tija na ubora. Mkutano mkuu ndio unaoamua. Leteni hoja ya matenki na mifereji hapo mapema, siyo mwezi Juni kahawa ikiwa tayari inaiva.

Bei yetu ya kupima ina siku mbili: kufunga mita, kuchimba vishimo vitatu vya sentimita 30 na kuangalia maji yanashuka kwa kasi gani, na kupima umbali hadi mtoni na visimani. Mkiamua kujenga nasi, tunaikata kwenye gharama ya ujenzi. Mkiamua kumpa fundi mwingine, karatasi ya vipimo ni yenu, mpeni. Tunachokataa ni kuchimba bila kupima, hata mteja akisema atasaini kwamba lawama ni yake. Shimo likifurika Agosti hakuna anayekumbuka alisaini nini.

Kwa wanaotaka kazi msimu ujao, vipimo tunafanya Januari hadi Machi. Udongo ukiwa umelowa ndipo unaonyesha jinsi unavyonyonya siku mbaya. Njooni na daftari la mapokezi la msimu uliopita, siku kwa siku, na si jumla. Matenki tunayapima kwa siku yenye mzigo mkubwa kuliko zote.