Nusu kaputi na kinga: tuogope kilichobaki kwenye chupa

Ndugu mhariri, naomba kanafasi kadogo gazetini kwako. Mama yangu mdogo ana uvimbe kwenye kizazi, siku ya opresheni ilipofika akagoma, eti jirani yake tangu achomwe nusu kaputi kila mafua yakipita mtaani lazima yapige hodi kwake, kinga imeisha. Mi nesi wa thieta mwaka wa 11 huu na bado nilikosa la kumjibu haraka haraka, maana si uongo wote.

Dawa za usingizi za mshipani zinaigusa kinga kweli. Propofoli, ile nyeupe kama maziwa, na thiopentoni zinazipunguzia kasi seli nyeupe za damu kuwakimbilia wadudu na kuwameza, ila ni kwa muda tu, dawa ikitoka mwilini zinarudi kazini, na kile kisu chenyewe kinaitikisa kinga kuliko sindano. Iliyowahi kuleta balaa ni etomideti. Mwaka 1983 kule Glasgow, Uskoti, madaktari Ledingham na Watt waliandika barua, ndio, barua kama hii, kwenye jarida la Lancet, kwamba majeruhi wa ICU (wodi ya mahututi) waliokua wanalazwa usingizi kwa dripu ya etomideti wanakufa zaidi. Ikaja kuonekana inazibana tezi za juu ya figo zisitoe kotisoli, homoni ya kuhimili misukosuko, na mwili bila hiyo hauhimili vishindo.

Sasa mi kinachonikosesha usingizi ni chupa. Propofoli imechanganywa na mafuta ya soya na ya kiini cha yai, yani kwa bakteria hiyo ni pilau. Marekani kwenye 1990 wagonjwa wa hospitali kadhaa walipata maambukizi baada ya opresheni, chanzo dawa kushikwa ovyo, na 1996 ndo wakaanza kuiongezea kitu cha kuwachelewesha wadudu kuzaliana. Kuchelewesha tu jamani, sio kuua! Hospitali moja niliyopita nilikuta chupa nusu, sindano imeachwa imechomekwa kwenye mpira, juu plasta, imeandikwa "ya kesho". Nikaimwaga, nikasemwa wiki nzima kwamba natupa hela ya serikali. Chupa moja mgonjwa mmoja, si ndo tulivyofundishwa wote?

Mama mdogo nimemwambia amuulize mtu wa usingizi chupa yake imefunguliwa saa ngapi. Amekubali, anaingia Jumanne, ila anataka yule jirani amsindikize.

Nesi wa thieta,
Morogoro