Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2023

Waheshimiwa wazee, mama zetu, ndugu wanachama na vijana, hamjambo. Waislamu, assalaam aleikum. Wakristo, Bwana asifiwe. Katibu amethibitisha kwamba akidi imetimia, kwa hiyo naanza, na wanaoendelea kuingia watatukuta njiani.

Mambo ya kawaida nayapitia mbio kwa sababu yamo kwenye karatasi mliyopewa mlangoni. Darasa la Kiswahili la watoto limeendelea, shukrani kwa walimu wanaojitolea Jumamosi yao. Mfuko wa msiba uko hai. Ukumbi tumeupata tena kwa kodi ileile, kwa sharti kwamba tuufagie wenyewe, na hapo naomba wanaume nao washike fagio. Ada zina wadaiwa. Wadaiwa wanajijua, na mweka hazina anawajua zaidi.

Sasa niingie kwenye agizo mlilotupa mwaka jana. Mtakumbuka kamati ilileta ombi la kuchangia vifaa vya watoto wanaocheza halingi, mchezo wa magongo na mpira wa huku Ireland, katika klabu za parokia wanamoishi, wengine Ballyhale kwenyewe, na mjadala ukawaka. Mzee mmoja aliuliza kama wale wanacheza au wanapigana. Mama mmoja akauliza kwa nini fedha za chama cha Waswahili ziende kwenye mchezo wa Waairishi. Mkaamua kamati ikachunguze kwanza klabu hii ya majirani zetu ni kitu gani, halafu ndipo tuamue. Tumechunguza, na nitawaeleza nilichokiona, na maoni yangu sitayaficha.

Ballyhale ni kijiji cha kusini mwa Kaunti ya Kilkenny, njia ya kwenda Waterford. Parokia yake ina pande tatu: Ballyhale, Knocktopher na Knockmoylan. Klabu yao, Ballyhale Shamrocks, iliundwa mwaka 1972 baada ya watu wa pande hizo kukubali kuwa na timu moja. Miaka sita baadaye, mwaka 1978, wakawa mabingwa wa kaunti kwa mara ya kwanza. Na hii si kaunti ya kubahatisha. Kilkenny imetwaa ubingwa wa Ireland, ule wa timu za kaunti, mara 36, kuliko kaunti nyingine yoyote, na ukiwa bingwa ndani ya Kilkenny umepita kwenye tundu la sindano.

Kwa wasioujua mchezo, niseme machache. Kila timu ina watu 15. Kila mtu ana gongo la mti wa mwash (ash kwa Kiingereza), bapa kwenye ncha, na mpira ni mdogo, wa ngozi, unaotosha kiganjani. Magoli yana milingoti mirefu. Mpira ukipita chini ya mtambaa wa panya ni goli, na goli lina pointi tatu. Ukipita juu yake katikati ya milingoti ni pointi moja. Ndiyo maana matokeo yao yanaandikwa kwa namba mbili, magoli kwanza, pointi baadaye: 1-22 maana yake ni 25. Mkishaelewa hapo, gazeti la Jumatatu halitawasumbua tena. Kuhusu hofu ya mzee wetu, tangu mwaka 2010 hakuna ruhusa kuingia uwanjani bila kofia ngumu yenye wavu wa kukinga uso, mkubwa kwa mdogo. Michubuko ya vidole ipo, hilo sitalikana.

Mashindano ya klabu za Ireland nzima yalianza msimu wa 1970/71. Ballyhale walifika fainali mwaka 1979 wakafungwa na Blackrock ya Cork, mechi ya magoli matano kwa matano. Mwaka 1981 wakarudi, safari hii dhidi ya St Finbarr's, nao ni wa Cork, wakashinda 1-15 kwa 1-11. Katika timu ile walikuwemo ndugu saba wa tumbo moja, wa ukoo wa Fennelly: Michael, Ger, Kevin, Brendan, Liam, Seán na Dermot. Saba kati ya kumi na watano! Karibu nusu ya timu ilitoka meza moja ya chakula. Ger aliwahi kuwa nahodha wa Kilkenny iliyotwaa ubingwa wa Ireland mwaka 1979, na Liam akafanya hivyo mara mbili, 1983 na 1992. Ubingwa wa pili wa klabu ulikuja 1984 mbele ya Gort, baada ya fainali kurudiwa, na wa tatu mwaka 1990.

Kisha ukaja ukame. Baada ya ubingwa wa kaunti wa 1991 walikaa miaka 15 bila kuupata tena. Nimekaa sana na kipindi hiki kuliko vipindi vya vikombe, kwa sababu hapo ndipo vyama vingi hufa. Wakubwa huzeeka, vijana huhama, watu huanza kutafuta mchawi. Wao hawakuwa na njia ya kununua wachezaji hata kama wangetaka. Utaratibu wa huku ni kwamba unacheza klabu ya parokia unamoishi, na Kilkenny wanausimamia kwa ukali. Hakuna mshahara. Anayefunga pointi kumi Jumapili, Jumatatu yuko kazini kama wewe na mimi. Kwa hiyo walibaki na jambo moja tu la kufanya, kuwafundisha watoto waliozaliwa palepale na waliohamia palepale, na kusubiri.

Mmoja wa watoto hao alikuwa Henry Shefflin, aliyezaliwa 1979. Akiwa na jezi ya Kilkenny alitwaa ubingwa wa Ireland mara kumi, kati ya 2000 na 2014, akiwa mtu wa kwanza kufikisha idadi hiyo uwanjani, na alichaguliwa mchezaji bora wa mwaka mara tatu. Kijiji kikamsubiri, na alipokomaa yeye na wenzake mvua ikanyesha: ubingwa wa kaunti mara nne mfululizo, 2006 hadi 2009, na ubingwa wa klabu za Ireland 2007 na 2010. Fainali ya 2010 waliwafunga Portumna ya Galway, ambao wakati ule kila mtu aliwaogopa. Mwaka 2015 wakaongeza mwingine dhidi ya Kilmallock. Wana wa Michael Fennelly yule wa 1981, yaani Michael mdogo na Colin, walikuwa nguzo za timu hiyo. Shefflin alipostaafu hakwenda kukaa jukwaani, alirudi kuwa kocha wa kijiji chake na wakachukua ubingwa wa 2019 na wa 2020. Kisha akaenda kufundisha timu ya kaunti ya Galway, na majirani zetu walijaribu kulisema hilo bila kununa.

Sehemu inayofuata wengine mliiona wenyewe kwenye runinga. Januari 2022, nusu fainali dhidi ya St Thomas', Ballyhale walikuwa nyuma dakika za majeruhi. Mchezaji wao TJ Reid akapiga adhabu, mpira ukapenya kwenye msitu wa walinzi waliojipanga mstarini, goli, wakapita kwa tofauti ya pointi moja. Shangwe ile! Februari 12, katika fainali dhidi ya Ballygunner ya Waterford kwenye uwanja wa Croke Park, wao ndio waliokuwa wakiongoza kwa pointi mbili, muda umekwisha kabisa, na kijana wa Ballygunner anayeitwa Harry Ruddle akafumua goli. Ikawa 2-17 kwa 1-19. Hesabuni wenyewe: 23 kwa 22. Kile walichomtendea mwenzao mwezi mmoja kabla ndicho walichotendewa. Kaunti nzima ilinyamaza.

Wangeweza kulaumu waamuzi, wakavunja kamati, wakagawanyika. Walirudi mazoezini. Desemba 2022 walikutana na Ballygunner haohao kwenye nusu fainali, wakawatoa, na Januari 22 mwaka huu wakawafunga Dunloy ya Antrim 1-22 kwa 1-15. Huo ni ubingwa wa tisa. Klabu zinazowafuata, Birr na Portumna, zina manne kila moja. Kufikia mwaka 2022 ubingwa wao wa kaunti ulikuwa umefika 20, mitano ya mwisho ikiwa mfululizo, 2018 hadi 2022. Mwaka huu mnyororo ulikatwa na O'Loughlin Gaels wa mjini Kilkenny katika fainali ya kaunti, na nimeambiwa na mkazi mmoja, kwa uso mkavu kabisa, kwamba itakuwa kazi kuishi na watu wa mjini msimu huu wa baridi.

Kilichonivutia zaidi si kabati la vikombe. Ni kuona kwamba klabu yenyewe ni chama kama hiki chetu. Ina wanachama wanaolipa ada, katibu, mweka hazina, mkutano mkuu wa mwaka na kura. Iko chini ya Gaelic Athletic Association, iliyoanzishwa Novemba 1, 1884, katika hoteli moja mjini Thurles, enzi ambazo Waairishi walikuwa chini ya Waingereza na michezo yao ya asili ilikuwa inadidimia. Chama hicho leo kinamiliki Croke Park, uwanja unaoingiza watu zaidi ya 80,000, na bado mchezaji halipwi mshahara. Na mwaka 2018 UNESCO iliiweka halingi, pamoja na kamogi inayochezwa na wanawake, katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Watu waliookoa mchezo wao kwa ada na vikao wanastahili kusikilizwa na chama kinachojaribu kuokoa lugha ya watoto wake kwa ada na vikao.

Sasa nimjibu mama yetu aliyeuliza huu ni mchezo wa nani. Wanachama wetu waliotoka Elgeyo Marakwet wanamjua Bruda Colm O'Connell, mtu wa Cork aliyefika shule ya St Patrick's ya Iten mwaka 1976 kufundisha. Hakuwa mkufunzi wa riadha. Mikononi mwake alipita David Rudisha na mabingwa wengine, na sijasikia mtu wa Iten akilalamika kwamba mbio za Wakalenjin zimeingiliwa na Mwairishi. Utaratibu wa parokia unasema mtoto ni wa pale anapolala. Haumuulizi babu yake alizikwa wapi. Mtoto wetu anayelala Knocktopher ni wa Ballyhale kama alivyokuwa Shefflin, na kama kocha hana wa kumchezesha nafasi ya pembeni anamchezesha yeye. Mimi sijaona sehemu nyingine katika nchi hii ambapo mlango umewekwa wazi namna hiyo bila fomu ya kurasa nane.

Gharama zipo, na ndizo mtakazopigia kura. Kofia ndiyo ghali, lakini inadumu na mtoto akikua inarithiwa na mdogo wake. Magongo ndiyo yanayokula fedha, maana yanavunjika. Miti ya mwash yenyewe inaangamia kwa ugonjwa wa ukungu ulioingia Ireland mwaka 2012, mafundi wanategemea mbao za kutoka nje, na wengine wameanza kutumia mianzi. Ushauri wa kamati ni kwamba chama kinunue kofia peke yake, zibaki mali ya chama na ziandikwe kwenye daftari la katibu. Gongo mzazi ajitegemee. Wapo ndani ya kamati waliotaka chama kigharamie vyote, nami nilipinga, kwa sababu kitu cha bure huachwa uwanjani kwenye mvua.

Wasichana wanaotaka kamogi wapewe haki sawa katika mgao huo, bila mjadala wa pili. Suala la mavazi lililoulizwa na baadhi ya wazazi, makamu mwenyekiti atalipeleka kwa walimu wa klabu husika kabla ya mazoezi kuanza tena, na majibu yatatumwa kwa wazazi wote.

Darasa la Kiswahili na mazoezi vinagongana asubuhi ya Jumamosi. Kamati inapendekeza darasa lisogezwe hadi saa nane mchana, na walimu wamekubali. Mwenye pingamizi aseme leo hapa, asisubiri kwenye WhatsApp.

Mweka hazina atasoma hesabu sasa. Baada yake tutapiga kura ya kofia kwa kunyoosha mikono, kisha uchaguzi. Nafasi ya katibu msaidizi iko wazi na mpaka sasa hakuna aliyechukua fomu. Ziko mezani, karibu na chai.