Upondo wa saba

Mdogo wangu,

Mama amechoka kutupelekea salamu, kwa hiyo naandika hapa, atakayesoma na asome. Nimesikia umeanza kufundisha kuruka kwa upondo. Hongera, na nimefurahi kweli. Basi pokea la kaka yako: usimwachie kijana upondo mgumu kwa kuwa tu ana hasira ya kuruka. Usipousimamisha wima, unakurudisha ulikotoka, na kule nyuma hakuna godoro.

Unajua naelekea wapi.

Ulifungua zipu ya ule mfuko, ukahesabu pondo sita, ukahesabu tena ukigusa kila mmoja kwa kidole. Kisha ukainua macho jukwaani, ukanitafuta. Nikainama kufunga kamba za kiatu kisichokuwa na kamba. Ufito wa kuvuka ulikuwa sentimita mbili juu ya rekodi yangu. Ukashika ule wa sita, laini mno kwa mbio ulizokuwa nazo siku ile. Ukapinda kupita kiasi, ukaugonga ufito ukiwa bado unapanda. Mara tatu. Ya tatu hukuinuka godoroni mpaka mwamuzi alipokufuata.

Halafu ukanitolea mfano wa Bubka, yule mrukaji wa Ukraine. Eti mwaka 2014, Mfaransa Lavillenie aliporuka mita 6.16 kule Donetsk na kuifuta rekodi ya Bubka ya 6.15 ya mwaka 1993, mzee mwenyewe alikuwepo na akampongeza. Sawa. Lakini Bubka hakuwa kocha wake. Hakuwa na deni la kumrudisha mtoto wa watu kwa mama yake akiwa mzima. Mwenzangu mimi ni Warmerdam, yule Mmarekani: mita 4.77 kwa upondo wa mwanzi, mwaka 1942, rekodi ikakaa miaka 15, naye akaja kuwa kocha wa vijana wa chuo. Ingawa sidhani kama aliwahi kuacha upondo wa mtu nyumbani.

Nilikwambia ni upepo wa mbele. Upepo ulikuwepo, kamuulize yeyote. Ila mfuko niliufunga usiku, kabla ya kujua upepo utakuwaje. Hili hata Mama hajui.

Upondo wako uko kwangu, juu ya kabati, ncha imetokeza dirishani. Utepe wa mshiko ni uleule uliouzungusha kwa mkono wako, na hapo mwisho ulikosea, umekunjamana. Sijaugusa.

Huenda ukamfaa huyo kijana wako. Niambie tu ana kilo ngapi.