Kabla hujachomwa sindano ya testosteroni

Mdogo wangu Idrisa,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa mama. Ama baada ya salamu, nimesoma yote uliyoniandikia kuhusu finasteride, kile kidonge cha nywele ulichoacha, na matatizo ya kitandani yaliyobaki, nikaona heri nikuandikie barua kamili kuliko kukujibu vipande vipande kwenye simu. Umeuliza kama uanze sindano za testosteroni wiki hii. Usianze kabla hujapima. Ukishachomwa, vipimo vya homoni zako mwenyewe havitaaminika tena kwa miezi, na daktari yeyote atakayekuja baadaye atakuwa anapapasa gizani.

Tuanze na dawa yenyewe. Finasteride inazuia kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa DHT, homoni kali zaidi inayodhoofisha mashina ya nywele za utosini na kukuza tezi dume. Kidonge cha miligramu 1 hushusha DHT ya kwenye damu kwa takriban asilimia 60 hadi 70. Testosteroni haishuki, kwa kawaida hupanda kidogo kwa sababu inayogeuzwa imepungua. Ukiacha vidonge, DHT hurudi ilipokuwa ndani ya wiki 2 hivi. Ndiyo maana wengi wanaolalamika kama wewe wakipima damu wanakuta homoni ziko sawa, ilhali hamu haipo, uume unasimama kwa shida au una ganzi, na kichwa kizito. (Kama ulichotumia ni dutasteride, hesabu ni nyingine kabisa: hiyo hukaa mwilini miezi 4 hadi 6 baada ya kidonge cha mwisho. Angalia boksi tena, watu huzichanganya.)

Kimeng'enya hichohicho kinafanya kazi kwenye ubongo pia. Huko kinashiriki kutengeneza homoni za neva kama alopregnanoloni, ambayo hutuliza mishipa ya fahamu na kuleta usingizi. Tafiti ndogo zilizopima maji ya uti wa mgongo ya wanaume walioacha finasteride na kubaki na dalili zilikuta viwango vya homoni hizo vimevurugika. Sindano ya testosteroni kwenye paja hairekebishi jambo hilo moja kwa moja. Likumbuke mtu atakapokuambia kwamba tatizo lako ni "homoni" na dawa yake ni "homoni", kana kwamba zote ni kitu kimoja.

Na asikutishe mtu kwamba unajiwazia tu. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliyoidhinisha kidonge cha miligramu 1 mwaka 1997, ilitaka mwaka 2012 karatasi ya dawa itaje matatizo ya hamu, ya kumwaga na ya kufika kileleni yanayoendelea hata baada ya kuacha. Mwaka 2025 wakala wa dawa wa Ulaya ulithibitisha kuwa mawazo ya kujiua ni miongoni mwa madhara ya finasteride. Hata hivyo hofu nayo ina nguvu zake. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2007 kwa wagonjwa wa tezi dume, walioelezwa mapema kuhusu madhara ya kitandani waliyaripoti kwa asilimia 44 hivi, na wasioelezwa asilimia 15. Mambo haya mawili yanakaa pamoja bila kupingana. Mtu anaweza kuwa na madhara ya kweli, kisha hofu ikayakoleza.

Sasa vipimo, na hapa nitakuchosha kidogo.

Nenda maabara asubuhi, kati ya saa 1 na saa 4, kabla ya kula. Testosteroni hupanda usiku ukiwa usingizini na kushuka mchana, hivyo damu ya saa 9 alasiri inaweza kukupa ugonjwa usiokuwa nao. Ukiwa umekesha, umetoka zamu ya usiku, au una homa, ahirisha. Kama unameza vidonge vya nywele na kucha vyenye vitamini ya bayotini, viache angalau siku 2 kabla, na zaidi kama dozi ni kubwa, maana bayotini huharibu majibu ya mashine nyingi za homoni: namba moja hupanda kwa uongo, nyingine hushuka kwa uongo. Wenye nywele zinazopungua ndio hasa wanaomeza bayotini, na ni wachache wanaoulizwa. Kipimo kikitoka chini, rudia siku nyingine kabla ya kuamini. Namba moja ya chini si ugonjwa.

Omba testosteroni jumla, SHBG (protini inayoishika testosteroni kwenye damu), LH na FSH (homoni za pituitari, tezi ya chini ya ubongo, zinazoamuru korodani), prolaktini (homoni ya maziwa), estradioli (estrojeni kuu), TSH ya tezi ya shingo, sukari ya miezi 3 (HbA1c) na picha nzima ya damu. Ukishavuka miaka 40 ongeza PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, na hapo mwambie daktari kwamba umetumia finasteride, kwa kuwa ikitumiwa miezi 6 au zaidi hushusha PSA karibu nusu na inaweza kuficha tatizo la tezi dume. DHT unaweza kupima kujiridhisha tu. Ikiwa ya kawaida, haikuambii kinachoendelea ndani ya tishu.

Maabara nyingine huandika testosteroni kwa ng/dL na nyingine kwa nmol/L. Ya kwanza ukiizidisha kwa 0.0347 unapata ya pili. Mpaka unaotumiwa na wataalamu wengi ni 300 ng/dL, yaani kama 10.4 nmol/L. Chini ya hapo mara mbili, na dalili zipo, ndipo neno upungufu linaposemwa. Lakini soma na jirani zake. Testosteroni chini huku LH ikiwa juu, korodani ndizo zilizochoka. Testosteroni chini na LH chini au ya wastani, tatizo liko juu, kwenye tezi ya pituitari au penye amri zake. Prolaktini ikiwa juu, isipuuzwe. Dawa za akili, baadhi ya dawa za kichefuchefu na uvimbe mdogo wa pituitari huipandisha, na matibabu yake ni mengine kabisa. Mtu mnene huwa na SHBG ndogo, basi testosteroni jumla inaonekana chini wakati ile huru inatosha.

Hapo pia ndipo utakapojua kama mkosaji ni mwingine. Dawa za sonona za kundi la SSRI huleta dalili hizihizi, ganzi ikiwemo, na kwa baadhi ya watu huendelea baada ya kuacha. Kisukari, kukoroma kwa kukatika pumzi usingizini, pombe na dawa kali za maumivu, vyote vimo kwenye orodha. Mweleze daktari kila kidonge ulichomeza miaka 2 iliyopita, hata kile unachokionea aibu.

Tuseme namba zimetoka na testosteroni iko chini kweli. Hapo testosteroni ni tiba halali. Kwa sindano za enanthati au saipionati (aina mbili za testosteroni ya sindano) kawaida ni miligramu 75 hadi 100 kila wiki, au 150 hadi 200 kila wiki 2. Mimi napendelea ya kila wiki. Ile ya wiki 2 humpandisha mtu siku za mwanzo na kumwangusha siku za mwisho, akanuna na kuchoka, kisha akaomba aongezewe dozi wakati kilichohitaji kubadilika ni nafasi kati ya sindano. Jeli nayo ina jambo lake: ngozi ina kimeng'enya kilekile, kwa hiyo jeli hupandisha DHT kuliko sindano. Kwa mwenye historia yako hilo huvutia, ila nywele unazozipigania huenda zikaondoka haraka zaidi.

Sehemu hii msomee shemeji. Jeli ya testosteroni huhama kwa kugusana ngozi. Paka mabegani au juu ya mikono, nawa mikono kwa sabuni hapohapo, subiri ikauke, vaa shati, na uoge kabla ya kumbeba mtoto kifua wazi au kulala ngozi kwa ngozi. Watoto waliogusana nayo wameota nywele za sehemu za siri kabla ya wakati. Mjamzito asiiguse kabisa.

Gharama kubwa ya testosteroni ni mbegu. Ubongo ukiiona nyingi kwenye damu hukata LH na FSH, korodani zikalala na kusinyaa, na mbegu zinaweza kwisha kabisa ndani ya miezi 3 au 4. Kwa wengi hurudi ndani ya miezi 6 hadi 12 baada ya kuacha, kwa wengine hadi miaka 2. Kama wewe na shemeji bado mnataka mtoto, testosteroni isiwe ya kwanza. Jambo la pili ni damu kuwa nzito. Himatokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ipimwe kabla ya kuanza, kisha baada ya miezi 3 hadi 6. Ikivuka asilimia 54, dawa isimame.

Na kama testosteroni yako ni ya kawaida, mathalani 550 ng/dL? Hapo ndipo ninapogomba. Kuongeza juu ya namba nzuri hakuongezi hamu kwa kiasi cha maana. Kinachofanyika ni kuzima kiwanda chako na kuweka cha kukodi, na ukitaka kuacha utapita wiki nyingi za unyonge mkubwa kuliko huu wa sasa. Hakuna tiba yoyote ya homoni iliyoidhinishwa kwa madhara yaliyobaki ya finasteride. Anayekuuzia uhakika anauza kitu kingine.

Kwa mwenye LH ndogo anayetaka mtoto, zipo klomifeni na hCG. Klomifeni ni kidonge, mara nyingi miligramu 25 kila siku au siku moja baada ya nyingine. Hudanganya ubongo kuwa estrojeni imepungua, nao ukaongeza LH na FSH. Kwa wanaume inatumika nje ya idhini yake rasmi. Ukiona mwanga unameta au macho kufifia, acha siku hiyohiyo na umwambie daktari. Kwa baadhi ya watu namba hupanda vizuri huku hamu ikibaki palepale au hali ya moyo ikizidi kuwa mbaya, kwa hiyo usihukumu kwa karatasi ya maabara peke yake.

hCG huiga LH na kuiamsha korodani. Dozi hutofautiana, uniti 500 hadi 2,000 mara 2 au 3 kwa wiki, chini ya ngozi ya tumbo. Huja kama unga, na watu hukosea kwenye kuchanganya. Kichupa cha uniti 5,000 ukikiyeyusha kwa mililita 5 za maji yenye kihifadhi, kila mililita ina uniti 1,000. Dozi ya 500 ni nusu mililita, ambayo kwenye bomba la insulini la mililita 1 inasomeka 50. Uniti zilizoandikwa kwenye bomba ni za insulini, si za hCG. Ukivuta hadi 100 ukidhani ni uniti 100, umejidunga 1,000. Na anayetumia mililita 2.5 za maji badala ya 5 anaongeza dozi mara mbili bila kugusa chochote kingine. Mimina maji taratibu yateremkie ukutani mwa kichupa, zungusha kwa vidole, usitikise. Andika tarehe, weka kwenye friji nyuzi 2 hadi 8, isigande. Maji ya sindano yasiyo na kihifadhi si ya kuhifadhia dawa ya wiki kadhaa. Chuchu zikianza kuuma, estradioli imepanda. Dozi ya hCG ipunguzwe kabla ya kukimbilia anastrozoli, dawa inayozuia testosteroni kugeuka estradioli.

Anastrozoli naiogopa mikononi mwa mtu anayejitibu. Mwanaume anahitaji estradioli kwa mifupa na kwa hamu yenyewe. Ukiikausha, utapata viungo kuuma na dalili zilezile unazozikimbia. DHEA na pregnenoloni (homoni zinazouzwa kama virutubisho) na vikopo vya "kuongeza nguvu" viache. Baadhi ya vikopo hivyo vimekutwa na sildenafili, dawa ya kusimamisha uume, ndani bila kuandikwa.

Sildenafili au tadalafili yenyewe, ikitoka kwa daktari, si tiba ya homoni lakini inasaidia kusimama wakati mengine yanachunguzwa. Haziongezi hamu. Ni marufuku kwa anayetumia nitrati za moyo.

Lolote mtakaloanza, badilini kitu kimoja kwa wakati na mkipe wiki 12. Kabla ya siku ya kwanza jaza ile fomu ya maswali 5 yenye alama 25 inayopima nguvu za kiume (21 kushuka chini ni dalili ya tatizo), andika pia usingizi na hali ya moyo, kisha rudia kila wiki 4. Testosteroni ikiwa imerudi kwenye kawaida na miezi 6 imepita bila nafuu ya dalili, hiyo siyo dawa yako. Iachwe kwa mpango wa daktari.

Usiku ukijikuta unawaza kujidhuru, suala la homoni liwekwe kando. Mwamshe shemeji, muende hospitali usiku huohuo, na mtaje finasteride kwa jina. Hili halingoji majibu ya maabara.

Majibu yakitoka nipigie picha ya karatasi nzima, pamoja na saa uliyotolewa damu na viwango vya kawaida vya maabara hiyo. Na yule aliyekuandalia sindano muulize testosteroni yake ni ya aina gani: enanthati, saipionati au andekanoati. Asipojua, toka.

Wasalaam,
Kaka yako