Mawingu ya Magellan hayazunguki kama mwezi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Makala yenu ya anga ilisema galaksi ndogo (makundi makubwa ya nyota) ziitwazo Mawingu ya Magellan zinaizunguka galaksi yetu "kama mwezi unavyoizunguka dunia". Naomba mrekebishe hapo.

Mimi ni mlinzi wa moto kwenye mashamba ya misonobari, Mufindi. Msimu wangu wa kwanza, alfajiri moja ya Septemba, niliona vijimoshi viwili upande wa kusini, juu ya miti. Nikamwamsha mwenzangu. Tukavitazama mpaka kulipoanza kupambazuka. Upepo ulikuwa mkali, lakini havikutawanyika. Vilisogea taratibu pamoja na nyota. Kumbe ndiyo hayo Mawingu, na tangu siku ile nasoma kila ninachokipata kuyahusu.

Wingu Kubwa liko umbali wa miaka ya nuru 160,000 hivi, Dogo kama 200,000 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Darubini ya Hubble, iliyoko angani, ilipima kwa miaka kadhaa nyota za Wingu Kubwa zinavyohama, kwa kuzilinganisha na vyanzo vya nuru vilivyo mbali mno nyuma yake. Ikaonekana linakwenda takriban kilomita 320 kwa sekunde. Hapo ni kama Iringa hadi Mbeya kwa kufumba na kufumbua! Kwa mwendo huo, mwaka 2007 mwanaastronomia Gurtina Besla na wenzake walionyesha kwamba huenda Mawingu haya ni wageni, ndiyo kwanza yanatufikia. Mwaka 2024 mwanaastronomia mwingine, Eugene Vasiliev, akaja na hesabu nyingine: huenda Wingu Kubwa lilishapita mara moja, mabilioni ya miaka iliyopita, kwa mbali zaidi. Jibu linategemea sana uzito wa galaksi yetu. Ikiwa nzito, mvutano wake unatosha kulirudisha. Ikiwa nyepesi, hii ni mara ya kwanza. Vyovyote iwavyo, mwendo wa namna hiyo hauwezi kufananishwa na mwezi tunaouona ukiandama kila baada ya siku 29 au 30.

Kama mlitaka mfano wa galaksi ndogo iliyokwisha kuizunguka yetu mara kadhaa, ipo ile ya Sagittarius, iliyogunduliwa mwaka 1994. Hiyo inachanwachanwa na mvutano, na nyota zake zimetapakaa kama mkia mrefu kuizunguka galaksi yetu.

Mkichapa masahihisho, tafadhali wekeni na saa ya kuyaona Mawingu. Ulaya hawayaoni kabisa. Sisi wa nyanda za juu tunayaona kwa macho matupu: Septemba, saa kumi alfajiri, usiku usio na mbalamwezi, mbali na taa za mjini. Tazama kusini, nyoosha mkono, pima ngumi mbili hadi tatu juu ya upeo.

Msomaji wenu,
Mufindi, Iringa